Tumbo Langu, Tepu ya Mdogo Wangu

Mimi wananiita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi tu. Wateja husema mdomo wangu nao unakata. Sijawahi kubisha, kwa kuwa mtu anayeleta mita mbili za kitambaa akitaka gauni la mita tatu anastahili kuambiwa ukweli mapema. Mdogo wangu yuko tofauti. Yeye ana ulimi wa asali, anaweza kumwambia mteja kitambaa chake hakitoshi na mteja akaondoka akishukuru. Ndiyo maana tulipofungua duka letu la ushonaji, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama, tuligawana kazi hivi: mimi nakata na kuandika, yeye anapima na kushona.

Kupima watu kuna siasa yake. Mwanamke aliyeongezeka mwili hataki inchi zake zitangazwe mbele ya wenzake waliokaa kwenye benchi wakisubiri. Mdogo wangu aliligundua hilo zamani. Anazungusha tepu kiunoni mwa mteja, anatabasamu, anataja namba ndogo kwa sauti, na mteja anawageukia wenzake kama aliyeshinda kesi. Halafu mdogo wangu anagonga meza kwa kastabini ya kidoleni, mara moja kwa kila inchi aliyoificha. Mimi naandika namba ya kweli bila kuinua uso. Gauni likikamilika linamkaa sawasawa, mteja anasema tuna mikono ya dhahabu. Tumewavika watu wengi kilemba cha ukoka kwa mtindo huo, na mlango ukishafungwa tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Sikuona ubaya wowote.

Tumbo langu lilianza kujaa tulipokuwa tunajiandaa kwa harusi ya binti wa mdogo wangu. Binti huyo ananiita mama mkubwa, na mimi ambaye sikujaliwa mtoto nilimlea kama niliyemzaa mwenyewe. Baba yake aliondoka binti akiwa mchanga, na hatukumtafuta. Kwa hiyo harusi ilikuwa yetu sote watatu, na magauni yote, la bibi harusi, ya wasimamizi na yetu sisi wazazi wawili, yalikuwa juu ya meza yetu. Nami katikati ya shughuli hiyo nikaanza kutembea na tumbo lililokaza kama ngoma. Nikila kidogo nashiba. Nikiinama kukata, kuna kitu kinanisukuma kwa ndani. Na hewa, jamani. Nilikuwa najisingizia kwenda uani kuanika vitambaa ambavyo hata havijaloweshwa.

Mdogo wangu ndiye aliyenisindikiza zahanati. Hilo nalisema mapema, kwa sababu aliyasikia yote. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, na kila daktari aliposema neno yeye aliitikia kwa kichwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na subira. Alinilaza, akanibonyeza tumbo, akasikiliza kwa chombo chake, kisha akanikalisha akanieleza kwamba tumbo kujaa si ugonjwa mmoja. Wapo wanaomeza hewa kwa kula haraka na kuongea wakila, akaniangalia, na mdogo wangu akacheka kidogo. Wapo ambao matumbo yao hayawezi tena maziwa, ingawa wamekunywa maziwa tangu utotoni. Wapo wa maharage, wa kabichi, wa vitunguu, wa soda. Wapo waliokosa choo kwa siku kadhaa wakadhani wana ugonjwa mkubwa. Wapo wenye vidonda vya tumbo, na wapo ambao ni mwezi wao tu unakaribia, au umri unabadilika. Halafu, akasema, lipo tumbo ambalo si hewa kabisa. Hilo hujificha nyuma ya hayo mengine yote.

Nikamwambia mama yetu alikufa na tumbo limevimba. Wakati ule kila mtu alikuwa anampa dawa yake ya gesi, huyu tangawizi, huyu vidonge, na hakuna aliyejua ni nini mpaka tulipomzika. Daktari aliacha kuandika akanitazama. Akasema kwa sababu hiyo ataniingiza kwenye foleni ya ultrasaundi, lakini mashine ni moja na foleni ni ndefu, na anayepitishwa mbele ni yule ambaye hali yake inabadilika. Hivyo nikawekewa kazi ya kuandika. Nilichokula na saa niliyokula, tumbo lilivyojisikia baadaye, choo kilivyokuwa. Na kiuno, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula na jioni baada ya kazi.

"Likipanda na kushuka, hiyo ni hewa au chakula, tutatafuta ni kipi," akasema. "Likipanda lisishuke, usingoje tarehe niliyokuandikia. Njoo siku hiyohiyo."

Mdogo wangu akasema, "Nitampima mwenyewe, daktari. Ndiyo kazi yangu."

Na kweli, nani mwingine angenipima? Fundi yeyote atakwambia kwamba mtu hajipimi mwenyewe akapata namba ya kuaminika. Ukiinama kusoma, tumbo linakunjika. Ukisimama mbele ya kioo, utavuta pumzi kidogo upendeze, hata kama uko peke yako na mlango umefungwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama katikati ya duka, mikono juu, macho ukutani, mdogo wangu akanizungushia tepu, akataja, nami nikaandika. Inchi thelathini na nne. Jioni, thelathini na nne u nusu. Kesho yake vilevile.

Daftari lile nililijaza kwa hasira, kama ninavyofanya kila kitu. Nilianza kwa kuacha maziwa. Niliipenda sana chai ile ya maziwa yenye rangi ya udongo, nzito, na siku tatu za kwanza za chai ya rangi niligombana na kila aliyeingia dukani. Lakini ngurumo zilipungua. Niliporudisha kikombe kimoja kujaribu, kufika adhuhuri tumbo lilikuwa linaongea kuliko wateja. Nikaandika: maziwa, ndiyo. Nikaacha kabichi, nikairudisha, nikaandika: kabichi, aibu mbele ya mama mchungaji. Maharage nikayaloweka na kumwaga maji yake, yakawa na nafuu. Nilijifunza kutafuna taratibu na kufunga mdomo nikila, jambo ambalo mdogo wangu alisema limeleta amani katika nyumba nzima.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nalielewa tumbo langu kama ninavyokielewa kitambaa, upande gani unavutika na upande gani haukubali. Hewa ilikuwa imepungua kweli. Lakini kule kukaza hakukuondoka. Kushiba kwa vijiko viwili hakukuondoka. Nikaanza kwenda haja ndogo mara kwa mara, mpaka mdogo wangu akawa ananitania kwamba njia ya uani nitaiwekea zulia. Uso ukaanza kukonda, mashavu yakaingia. Nilipomwambia kwamba najihisi mzito, alizungusha tepu, akasema, "Dada, umeshuka. Thelathini na tatu na robo tatu." Nikacheza palepale, mkasi mkononi, yeye akapiga makofi.

Aliyenikera siku zile ni Mama Vifungo. Huyu ana kibanda mkabala na duka letu, anauza vifungo, zipu, nyuzi na habari za watu. Alivuka barabara kuniletea zipu za magauni ya wasimamizi, akasimama mlangoni akiniangalia ubavuni, akasema hilo tumbo si la gesi, niende nikaangaliwe. Damu ikanichemka. Nikampa vidonge vyake: kwamba mimi napimwa asubuhi na jioni na fundi mwenye miaka ishirini kwenye kazi, yeye anapima nini zaidi ya lastiki? Nikamwita mchuro, mleta mikosi. Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga.

Na nguo zilikuwa upande wangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kubishana na tepu, maana tepu huchakaa ikavutika. Lakini magauni yangu ya kazi, yale matatu ninayobadilishana, yalinikaa kama zamani. Nilipovaa asubuhi nilipitisha kidole kati ya kitambaa na kiuno, kikapita. Basi nikasema, tepu inasema hivi, nguo inasema hivi, mimi nani wa kusema kinyume? Ninapojihisi kuvimba, ni woga tu wa mama. Nikauambia mwili wangu unyamaze.

Siku ya miadi ya pili, daktari alipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Nje palikuwa na watu mpaka kwenye ngazi. Alifurahia habari ya maziwa. Alifuata safu ya kiuno kwa kalamu kutoka juu mpaka chini, akaona namba imekaa palepale, akasema hilo ndilo lililokuwa linamtia wasiwasi na sasa amepumua. Nikabaki kwenye foleni ya mashine mahali pangu, nyuma ya wengine. Sikulaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo kwa namba zile.

Niliyajua yote siku chache kabla ya harusi, siku ambayo mdogo wangu alikwenda na bintiye kutazama ukumbi. Niliachwa peke yangu dukani na mvua, wateja hakuna. Nikaona nitumie nafasi kufungua sanduku la chini, kutafuta lesi ya zamani ya mama ya kupamba shela. Lesi niliipata. Chini yake kulikuwa na gauni langu la bluu, la nne katika yale magauni ya kazi, ambalo nililiweka humo kwa sababu ya doa la mafuta ya mashine nikalisahau. Yote manne niliyakata mwenyewe, siku moja, kwa kiolezo kimoja, kitambaa kimoja rangi tofauti. Nikasema ngoja nilivae, doa limefifia.

Halikupita. Lilikwama juu ya nyonga, na nilipolivuta zipu ikabaki imeachama upana wa kiganja. Nikadhani limerudi na kuwa dogo kwa unyevu wa sanduku. Nikalivua, nikalitandaza juu ya meza ya kukatia, nikachukua na lile nililolivaa asubuhi ile, nikalitandaza juu yake. Yalipaswa kulingana kama kurasa mbili za kitabu kimoja. Lile la asubuhi lilizidi pande zote mbili.

Nikaligeuza ndani nje.

Mimi nakata na akiba kubwa ndani ya mishono. Ni tabia yangu, kwa sababu watu hunenepa na kitambaa ni ghali, nami nataka nguo imfuate mtu miaka. Akiba yangu yote ilikuwa imeachiwa. Pembeni mwa kila mshono mpya kulikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano, pale mshono wa zamani ulipokuwa, na kitambaa kati ya mistari hiyo miwili kilikuwa kimekoza rangi kwa kuwa hakijawahi kuona jua. Nikaangalia gauni la pili, nikaangalia la tatu. Mishono ya kiunoni ilifumuliwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa kulikuwa na mistari ya matundu miwili, mahali pengine mitatu, mmoja baada ya mwingine. Mwendo wa tumbo langu ulikuwa umefuatwa, hatua kwa hatua, na mtu aliyejua hasa limefika wapi.

Ushonaji sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Mdogo wangu huanza mshono kwa kurudi nyuma mara mbili, na mwisho hukata uzi mfupi sana. Nimemwonya kuhusu uzi huo tangu tukiwa wasichana.

Nilikaa sakafuni na shimizi tu, mvua inapiga bati. Kisha nikainuka, nikachukua tepu, nikasimama bila kujitazama, nikaacha tumbo lilivyo, nikaishika kwa dole gumba na kusoma baadaye. Thelathini na tisa. Nikapima tena nikitumaini nimekosea. Nilikuwa sijakosea.

Mdogo wangu aliporudi alikuwa anaimba. Alifungua mlango akisema ukumbi ni mzuri, mapazia ni ya bure, kisha akayaona magauni yaliyogeuzwa juu ya meza, na mimi nyuma yake nimejifunga khanga. Bintiye alikuwa amepitia kwa rafiki yake, nashukuru. Mimi ambaye hugombana na mtu kwa ajili ya kipande cha kitambaa kisichofika kiganja, siku ile sikupaza sauti. Nilimwuliza taratibu alianza lini.

Akaweka mkoba chini. Akasema alianza karibu na mwanzo kabisa. Namba ya kwanza iliyopanda aliitaja pungufu kwa mazoea tu, kama anavyowafanyia wateja, akidhani kesho itashuka. Mkono ulikwenda kugonga meza, akauzuia. Kesho yake haikushuka. Ikawa hawezi tena kunitajia ya kweli bila kunieleza kwa nini ya jana ilikuwa ndogo.

"Ukaanza na nguo," nikasema.

"Ungeona zinakubana ungejua."

"Si ndiyo maana ya kupima? Nijue?"

Akaanza kulia. Sikumsogelea. Akasema alipanga kunipeleka mwenyewe baada ya harusi, asubuhi yake tu, ameshaweka hata nauli pembeni. Alisema mtoto hana watu wengine ila sisi wawili, na angejua mama mkubwa anaumwa angeahirisha, na upande wa mume wangeona ni mkosi. Alisema aliniona ninavyofurahi kila anapotaja namba ndogo, akaona angalau ananipa hilo.

"Ulikuwepo daktari aliposema nije siku hiyohiyo."

"Nilikuwepo."

"Na mama ulimwona."

"Nilimwona, dada. Ndiyo maana niliogopa. Nilitaka harusi ipite kwanza."

Nilimchukia. Sitalipamba neno hilo. Nilimwangalia amesimama pale na macho mekundu, mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, nikamchukia. Namba zenyewe hazikuniuma kama zilivyoniuma jioni zile nilizocheza. Alikuwa ameshika tepu, anaona inchi zangu, anajua, na anapiga makofi. Mtu mwingine akikudanganya unaweza kusema hakujua. Yeye alinipima mara mbili kwa siku, akaenda akanifumulia na kunishonea ili hata ngozi yangu isiniambie. Nami nilimwamini yeye kuliko tumbo langu mwenyewe, nikamtukana mwanamke wa watu mlangoni.

Asubuhi nilivuka barabara. Mama Vifungo alikuwa anapanga makopo yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa masimango, nikamwambia kwa kifupi kwamba nimekuja kuomba radhi, na kwamba ninahitaji mtu wa kunisindikiza, kwa kuwa siwezi kwenda na wa nyumbani. Alinitazama, akafunga makopo, akashusha turubai la kibanda. Njia nzima alinisimulia habari za mume wa mtu, akijua kabisa kwamba sisikilizi, na nilimshukuru kwa hilo.

Daktari aliposikia namba aliinuka kitini. Hakuniambia ningoje foleni. Nikalazwa kwenye chumba chenye giza, nikapakwa mafuta baridi tumboni, wakapitisha kile chombo huku na huko, na yule mpiga picha aliyekuwa anaongea na mwenzake akaacha kuongea. Baadaye daktari alinieleza polepole, akichora kwa kalamu nyuma ya bahasha. Kuna uvimbe kwenye ovari ya kushoto, na kuna maji yaliyojaa tumboni kuuzunguka. Uvimbe wa aina gani, watajua wakishafungua. Watanifungua Alhamisi, na nisikubali mtu yeyote kuniahirisha, hata mimi mwenyewe.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Akaomba daftari. Alichora mstari mmoja juu ya safu yote ya kiuno, ukurasa hadi ukurasa, safu ya chakula akaiacha. Akasema yale ya maziwa na kabichi ni ya kweli, tumbo moja linaweza kuwa na sababu mbili kwa wakati mmoja, na ile ndogo ikaifunika kubwa. Kisha akaniuliza aliyekuwa ananipima ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu, yule aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti. Akavua miwani, akaifuta.

Nikamwuliza kama ningekuja pale namba ilipoanza kupanda, ingekuwa tofauti.

"Tuseme ningependa kukuona mapema," akasema.

Sikuuliza zaidi. Mama Vifungo alikuwa ananisubiri nje. Nilimwambia ilivyo, na yeye, ambaye habari haikai mdomoni mwake, akasema Alhamisi atakuja nami na halitatoka neno. Njiani kurudi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia mdogo wangu, nayapanga moja baada ya moja kwa ukali wake. Nilitaka ajue kila alichosema daktari. Nilitaka alie mbele yangu mpaka sauti imkauke, na harusi na ukumbi na mapazia ya bure yaende yanakokwenda.

Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, gauni la bibi harusi limemjaa mapajani mpaka sakafuni. Kutoka ndani bintiye alikuwa anacheka na simu. Mdogo wangu aliniangalia uso, kisha tumbo, kisha uso tena. Macho yalikuwa yamevimba, ni wazi hakulala.

"Wamesemaje, dada?"

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Nikayatazama, nikaona kwamba kuna kitu kimoja ninachotaka kujua kabla sijayatumia. Yeye ndiye aliyeshika tepu. Yeye peke yake duniani, kabla yangu, aliijua thelathini na tisa, na alikuwepo daktari aliposema tumbo la namna gani hupanda lisishuke. Hakuna mtu wa kumdanganya kwa jambo hili isipokuwa akubali mwenyewe kudanganywa.

"Hewa tu," nikasema. "Wamenipa dawa."

Nikasimama pale, sikuondoa macho. Nilimpa muda wa kutosha. Ningeona hata nyusi moja ikipanda, hata akisema tu hebu dada rudia, ningemweleza kila kitu na labda ningelia kifuani kwake, maana sina kifua kingine.

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akasema Mungu ni mkubwa. Kisha akavuta kitambaa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na kuniuliza kama mkono wa gauni la mtoto naona ufupishwe kidogo au uachwe. Nikamwambia aufupishe. Nikaingia chumbani kupanga nguo za Alhamisi kwenye mfuko, nikaacha mlango wazi, nikasikia cherehani ikianza kukimbia, na hakuja kuniuliza mara ya pili.